Ukipanga na Kongo, Taja Saa ya Mji

Hapa Dar es Salaam ni saa tatu kamili usiku. Kwa aliyeko Lubumbashi, Goma au Bukavu, dakika hii hii ni saa mbili usiku. Aliyeko Kinshasa, kwake ndiyo kwanza saa moja. Sauti mnayoisikia ni moja, ila saa za ukutani ziko tatu, na mbili kati ya hizo zimo ndani ya nchi moja, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Nataka tuzungumze juu ya saa hizo kwa sababu zinatugusa mifukoni. Kongo ni jirani yetu wa ziwa. Ni miongoni mwa wateja wakubwa wa bandari ya Dar es Salaam. Tangu mwaka 2022 ni mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila siku kuna wakala wa forodha wa hapa anayepanga mambo na mwenye mzigo wa kule, dereva anayesubiriwa upande wa pili wa mpaka, mfanyabiashara wa Kariakoo anayengoja malipo kutoka Kinshasa, mgonjwa anayepanga safari ya kuja kutibiwa. Wote hao wanapeana saa, na mara nyingi mno wanapeana saa bila kusema ni saa ya wapi.

Anayepanga na Guangzhou, ambako wako saa tano mbele yetu, hukaa chini akahesabu, maana anajua kwamba asipohesabu atamwamsha mtu usiku wa manane. Anayepanga na Lubumbashi hahesabu. Anajiambia, ni hapo tu, saa moja si kitu. Hapo ndipo hasara inapoingia. Tofauti kubwa inatutisha, kwa hiyo tunaichunga. Tofauti ndogo tunaidharau, na tunayoidharau ndiyo inayotugharimu.

Tuanze na jua, maana saa zote zimetoka huko. Dunia inajizungusha mara moja kwa saa 24, na mzunguko mzima ni nyuzi 360. Ukigawa, kila saa ni nyuzi 15, na kila uzi mmoja ni dakika nne. Mwezi Oktoba 1884, wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, na wengi wao wakakubaliana kwamba mahali pa kuanzia kuhesabu ni Greenwich, Uingereza. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki wala ya Kati iliyohudhuria. Baadaye hesabu hiyo ikatufikia na sisi: anayekaa nyuzi 15 mashariki ya Greenwich yuko saa moja mbele, anayekaa nyuzi 30 yuko saa mbili mbele, na anayekaa nyuzi 45 yuko saa tatu mbele.

Sasa itazame ramani ya Kongo. Magharibi inaanzia pwani ya Atlantiki, karibu na nyuzi 12. Mashariki inaishia huku Ziwa Albert, karibu na nyuzi 31. Jua linahitaji zaidi ya saa moja kuivuka nchi hiyo kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa hiyo saa moja isingewatosha wote. Kinshasa iko karibu kabisa na nyuzi 15, na saa yake iko saa moja mbele ya Greenwich, sawasawa na jua lake. Lubumbashi, Bukavu, Goma na Kalemie ziko kati ya nyuzi 27 na 30, na saa zao ziko saa mbili mbele. Kisangani na miji ya Kasai, yaani Kananga na Mbuji-Mayi, nayo inafuata saa ya mashariki. Kongo ilijigawa kwa kufuata jua, na ilijigawa vizuri.

Sisi je? Saa ya Afrika Mashariki, ile ya saa tatu mbele ya Greenwich, imejengwa juu ya nyuzi 45. Kati ya miji mikuu ya Jumuiya, ulio karibu zaidi na mstari huo ni Mogadishu. Kwa hiyo saa tunayoitumia Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, kwa jua, ni saa ya Mogadishu. Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 na kitu, kwa hiyo hatuoni tofauti kubwa. Lakini Kigoma haifiki hata nyuzi 30. Kati ya jua la Dar es Salaam na jua la Kigoma kuna zaidi ya nusu saa, karibu dakika 40, ingawa saa za mikononi zinasema kitu kimoja. Waislamu wa Kigoma wanalijua hili kila Ramadhani: adhana ya magharibi ya Dar es Salaam inasikika redioni, na wao bado wanalitazama jua likiwa juu ya ziwa.

Toka Kigoma, vuka Ziwa Tanganyika, fika Kalemie upande wa Kongo. Miji hii miwili, kwa jua, haipishani hata dakika mbili. Linapozama Kigoma, linazama na Kalemie. Lakini saa zao zinapishana saa nzima. Kigoma jua linazama karibu na saa moja usiku, Kalemie karibu na saa kumi na mbili jioni. Mwenye boti anayebeba mizigo kati ya bandari hizo hawezi kulitegemea jua kumwambia saa ya upande wa pili. Lazima ajue sheria ya nchi, kwa sababu saa ya nchi ni uamuzi wa serikali, na serikali inaweza kuibadilisha.

Na zimebadilisha kweli. Enzi za ukoloni, Kenya ilipitia vipindi vya saa mbili na nusu, na vya saa mbili na dakika 45 mbele ya Greenwich, kabla ya kutulia kwenye saa tatu kamili tunayoijua leo. Karibu zaidi na sisi, tarehe 1 Februari 2021, Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Wafanyabiashara wa Kampala na wa Juba, waliokuwa wamezoea saa moja kwa wote, waliamka siku hiyo wakiwa na saa mbili tofauti.

Hivyo leo Jumuiya yetu ya nchi nane ina saa tatu. Tanzania, Kenya, Uganda na Somalia ziko pamoja. Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo ziko saa moja nyuma yetu. Kinshasa na magharibi ya Kongo ziko saa mbili nyuma yetu. Mkutano ulioitishwa kutoka Arusha kwa saa nne asubuhi utaanza saa tatu kwa mjumbe aliyeko Kigali au Bujumbura, na saa mbili kwa mjumbe aliyeko Kinshasa. Tukimwandikia yule wa Kinshasa "saa nne" tu, tukanyamaza, basi atakapofungua kompyuta yake kwa saa nne ya kwake, kwetu itakuwa saa sita mchana, na wenzake watakuwa wanafunga kikao.

Wasafiri na madereva, kwenu jambo la kwanza ni kujua saa inabadilikia wapi. Ukitoka Dar es Salaam kwa lori kwenda Lubumbashi, inabadilika mara moja tu, pale Tunduma. Ukivuka kuingia Nakonde upande wa Zambia, unarudisha saa yako nyuma kwa saa moja, na kutoka hapo hadi Kasumbalesa, hadi Lubumbashi, hadi Kolwezi kwenye migodi ya shaba na kobalti, huigusi tena. Abiria wa TAZARA wanaokwenda Kapiri Mposhi nao wanabadilishia hapohapo. Ukipitia Rusumo kuingia Rwanda, au Kabanga kuingia Burundi, ni vilevile: saa moja nyuma, kisha Goma na Uvira unaingia bila kubadilisha. Ukitokea Mombasa kupitia Kampala, saa haibadiliki hadi Mpondwe, unapovuka kuingia Kasindi.

Hili lina maana katika kazi. Ofisi ya upande wa Zambia ikisema inafunga saa kumi na mbili jioni, basi kwa saa ya Tunduma ni saa moja usiku. Dereva anayejua hilo ana saa nzima ambayo mwenzake anadhani haipo. Lakini anayerudi kutoka Kongo na kuingia Tanzania, mambo yanamgeukia: hapo saa moja inamezwa, na anayedhani amewahi anakuta foleni imeshafungwa. Kwenda kunakuongezea saa, kurudi kunakupunguzia.

Tuje kwa wenye ofisi. Wengi mkiulizwa tofauti ya saa kati ya hapa na Kinshasa, mtajibu saa mbili, na jibu ni sahihi. Lakini mwenye biashara anahitaji kujua jambo jingine: ni saa ngapi kwa siku ambazo yeye na mwenzake wote wako mezani. Tuchukue mfano wa ofisi mbili zinazofungua saa mbili asubuhi, kila moja kwa saa ya kwao, zinafunga saa kumi jioni, na zinapumzika kula kuanzia saa saba hadi saa nane mchana. Ya kwanza iko Dar es Salaam, ya pili iko Kinshasa. Kinshasa inapofungua, Dar es Salaam ni saa nne. Dar es Salaam inakwenda kula saa saba hadi saa nane. Kinshasa inapokwenda kula, kwetu ni saa tisa hadi saa kumi, na saa kumi sisi tunafunga. Hesabu kilichobaki: kuanzia saa nne hadi saa saba, na kuanzia saa nane hadi saa tisa. Saa nne peke yake, katika siku ya kazi ya saa saba ukitoa ile ya chakula. Kwa Lubumbashi, kwa hesabu hiyohiyo, zinabaki saa tano.

Na mwagizaji wa Lubumbashi mara nyingi anaishi katika saa zote mbili. Mzigo wake unashuka mkoani kwake, Haut-Katanga, lakini shirika la OGEFREM, linalosimamia ile karatasi ya taarifa za mzigo wanayoiita FERI, makao yake makuu yako Kinshasa, kama yalivyo ya Benki Kuu. Wakala wa Dar es Salaam akikuambia kwamba "Kongo wamefungua", muulize Kongo ipi. Lubumbashi wanaweza kuwa wamefungua tangu saa nzima iliyopita, na Kinshasa bado wako njiani.

Rwanda nayo ina lake. Tangu Januari 2023, saa rasmi za kazi za huko zinaanza saa tatu asubuhi. Saa tatu ya Kigali ni saa nne ya Dar es Salaam. Na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, asubuhi ni ya Umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, na shughuli nyingi husimama. Ukipanga mzigo ushuke Kigali asubuhi hiyo, umepanga na mlango uliofungwa.

Fedha ndizo zinazoonyesha ubaya wa saa mbili hizi kuliko kitu kingine. Mteja wa Kinshasa anaamuru malipo siku ya Ijumaa saa tisa alasiri, kwa saa ya kwao. Amefanya kazi yake mchana, ndani ya saa za kazi, hana kosa. Lakini Dar es Salaam ni saa kumi na moja jioni, na benki imeshamaliza kazi za siku. Malipo yanasubiri Jumatatu. Kontena linakaa, gharama za kuhifadhi mzigo zinahesabiwa siku kwa siku, na watu wawili waaminifu wanaanza kushukiana. Mmoja anasema nimetuma Ijumaa, mwingine anasema sikupata kitu Ijumaa, na wote wawili wanasema kweli. Mngekubaliana tangu mwanzo kwamba malipo ya Ijumaa yafanyike kabla ya saa tano asubuhi ya Kinshasa, ambayo ni saa saba mchana hapa, hakuna ambaye angemshuku mwenzake.

Tarehe nazo zinapishana. Ikifika saa sita na nusu usiku hapa kwetu, Lubumbashi ni saa tano na nusu, na Kinshasa ni saa nne na nusu. Wao bado wako kwenye siku ambayo sisi tumeshaiaga. Mkataba unaosema "mwisho wa tarehe 30 Juni" bila kutaja mji umeacha saa mbili za ubishi. Na tarehe 30 Juni yenyewe Kongo ni sikukuu ya uhuru wa mwaka 1960. Tarehe 1 Julai ni uhuru wa Rwanda na wa Burundi. Tarehe 4 Julai Rwanda wanaadhimisha ukombozi wao. Jumatatu ya kwanza ya Julai na Jumanne inayoifuata, Zambia wako kwenye sikukuu ya mashujaa na ya umoja. Tarehe 7 Julai ni Sabasaba yetu. Katika siku hizo chache, barabara za kutoka Dar es Salaam kwenda Kongo zinapitia sikukuu baada ya sikukuu. Mwenye lori anayeweka kalenda za nchi zote mezani kabla ya Juni hatashangaa.

Kuhusu tiketi za ndege, kanuni ni moja duniani kote: saa ya kuondoka ni ya mji unaouacha, na saa ya kufika ni ya mji unaouingia. Kongo kanuni hiyo inafanya kazi hata katika safari ya ndani. Tuseme ndege inaondoka Kinshasa 10:00 na kufika Lubumbashi 13:20. Tiketi inaonyesha saa tatu na dakika 20, lakini angani umekaa saa mbili na dakika 20. Ukirudi, unaondoka 14:00 na unafika 15:20, kama vile umeruka saa moja tu na kidogo. Aliyekuja kukupokea akahesabu mwendo wa ndege bila kuhesabu saa za miji, atafika uwanjani mapema mno au atakukuta umekaa juu ya sanduku lako.

Na kuna simu zetu. Simu huchukua saa kutoka mnara wa mtandao ulio karibu. Mpakani, simu iliyoko Tunduma inaweza kushika mnara wa upande wa pili, na saa ikarudi nyuma bila wewe kuambiwa. Ukilala nyumba ya wageni mpakani na una gari la alfajiri, ingia kwenye mipangilio, zima saa inayojibadilisha yenyewe, uiweke kwa mkono. Ukipanga miadi kwenye kalenda ya simu, utakuta Kongo ina majina mawili ya kuchagua: Kinshasa na Lubumbashi. Mtu wako akiwa Goma, Bukavu au Kisangani, chagua Lubumbashi.

Sisi wenye Kiswahili tuna jambo la ziada la kuangalia. Tunahesabu saa kuanzia kunapokucha, na tiketi, benki na ofisi za serikali zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Ujumbe unaosema "tuonane saa 2" mmoja atausoma saa mbili asubuhi, na aliyezoea saa za kizungu atausoma saa nane mchana. Hapo tofauti si saa moja tena, ni saa sita, kisha ongeza ile saa moja ya mpaka. Katika mazungumzo, tuseme saa kwa Kiswahili chetu na tutaje sehemu ya siku: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Katika maandishi ya kazi, tuandike tarakimu za saa 24. Kwa Kongo, wanaoandika 14h00 kwa mtindo wa Kifaransa, hilo litaeleweka mara moja. Na ndege ya 00:30 siku ya Jumanne, tumwambie abiria: usiku wa kuamkia Jumanne, fika uwanjani Jumatatu usiku.

Ndugu msikilizaji, yote niliyoyasema yanaingia katika mazoea mawili. La kwanza, usitaje saa bila mji. Usiseme saa za Kongo, maana hakuna saa za Kongo. Kuna saa za Kinshasa na kuna saa za Lubumbashi. La pili, anayealika ndiye ahesabu. Ukimwita mtu kwenye kikao, mwandikie saa yake yeye kwanza, kisha yako. Usimwachie mgeni kazi ya kukokotoa saa yako, kana kwamba Dar es Salaam au Nairobi ndiyo katikati ya dunia.

Nalisisitiza hili la pili kwa sababu Jumuiya hii tunaijenga kwa mambo kama haya. Tumezungumza sana juu ya soko la pamoja, juu ya ushuru, juu ya barabara na reli. Hayo ni makubwa na yana wakubwa wake. Lakini kumwandikia mjumbe wa Kinshasa "saa mbili asubuhi kwenu, saa nne kwetu" hakuhitaji mkataba wala bajeti. Kunahitaji mtu mmoja anayejali kwamba mwenzake naye ana asubuhi yake.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Miadi nayo ni ahadi, na hawezi kuilipa kwa wakati mtu ambaye hakuambiwa wakati ni upi. Kwa hiyo ofisi zinazotuma mialiko kutoka Arusha, mawakala wa bandarini, wenye mabasi na malori, na wewe unayempangia ndugu yako safari ya kutoka Bukavu: ujumbe wa kwanza utakaouandika kesho wenye saa ndani yake, usiutume kabla hujaweka jina la mji.